Misalaba ile ya Shaba Haikuwa Misalaba Yetu

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita, nikifundisha wakatekumeni hapa Likasi, nilichora ubaoni kile kipande cha shaba ambacho kila mtoto wa Katanga anakijua: mikono minne, mfano wa alama ya kuzidisha katika hesabu. Nikawaambia: "Tazameni, babu zetu walitengeneza msalaba hata kabla mapadri hawajafika. Mungu alikuwa akiwatayarisha." Somo likapendeza sana. Wazee waliokaa nyuma wakaitikia kwa vichwa.

Kumbe sikuwa nimepata kwenda kuutazama huo msalaba wenyewe. Mwaka huu, likizo kubwa ilipofika, nilipanda motokari pamoja na vijana saba, kilomita 120 mpaka Lubumbashi, tukaingia katika muze ya taifa. Muze hiyo ilianzishwa mwaka 1946, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, nayo ikapewa jina la mfalme Léopold II. Watu wengi huingia muze kama mtu apitaye sokoni bila feza: macho yanakimbia, miguu inayafuata, na baada ya nusu saa wako nje wakipigana picha. Niliwaambia vijana wangu wachague kitu kimoja tu, wakae nacho. Wakachagua misalaba ya shaba, kwa sababu ya somo langu.

Hapo kijana mmoja, mpole, ambaye darasani haulizi kitu, akaniuliza: "Mwalimu, hawa walibatizwa na nani?"

Nilinyamaza. Maana makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalichimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958, na tena katika miaka ya 1970, na mambo yaliyoonekana humo yameandikwa wazi. Mazishi ya zamani zaidi ya mahali pale yanarudi nyuma miaka elfu na zaidi. Wafu walilazwa na vyungu vizuri ajabu; makaburini mwa watoto vyungu vilikuwa vidogo, kwa kadiri ya umri wao. (Neno hili la vyungu vidogo lilinishika kuliko mengine yote, nami ni baba wa watoto.) Misalaba ilikuja baadaye. Kwanza mikubwa na michache, imewekwa kifuani pa maiti. Halafu, karne zilipopita, inakuwa midogo, vipimo vyake vinaanza kulingana, nayo ni mingi pamoja, karibu na mikono na kiuno cha mfu. Kitu kinachofanywa kwa kipimo kimoja, tena kwa wingi, tena kikawekwa karibu na mkono, ni kitu cha kuhesabiwa. Ni feza.

Na mfalme wa kwanza wa Kongo aliyebatizwa, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491, mbali sana, upande wa bahari. Misalaba ya kwanza ya Kisale ilikuwa imekwisha kulala udongoni zaidi ya miaka mia. Basi hakuna aliyewabatiza, wala alama ile haikutoka kwetu wala haikutuelekea sisi.

Mtu ataniambia: "Mwalimu, mfano wako ulikuwa na ubaya gani? Ulileta watu kwa Mungu." Ubaya upo. Kwanza, kijana anayegundua kwamba mwalimu alimdanganya juu ya shaba, atamwaminije juu ya mambo asiyoweza kuyaona? Tena nilikuwa nimewafanya babu zetu kuwa Wakristo nusu, wanaongoja tu wengine waje kuwamaliza, nikasahau kuwasifu kwa kile walichokijua kweli. Huko Kisale hakuna shaba. Ilitoka kusini, katika milima hii yetu ya shaba. Watu walichimba mawe ya rangi ya majani mabichi, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma kwa makaa na mivukuto, wakaimwaga shaba iliyoyeyuka ndani ya umbo lililochongwa tayari. Monsinyori de Hemptinne, mkuu wa misioni ya Elisabethville, aliandika juu ya kazi hiyo mwaka 1926, akiwaita wenyewe "wala-shaba". Sisi wa Likasi tunapenda kusema kwamba kazi ya shaba ililetwa na Union Minière mwaka 1906. Hii nayo ni hadithi ya kupendeza, kama ile yangu. Hata hao waliojitenga mwaka 1960 walijua zaidi: walitia misalaba mitatu ya shaba katika bendera yao, na mwaka 1961 wakautia msalaba katika feza zao. Feza juu ya feza. Hapo walikuwa sawa.

Kosa kama langu limefanywa na wengi, na si kwa shaba tu. Iko sanamu ya Waluba, mwanamke aliyepiga magoti akishika bakuli, ambayo muze nyingi za ulimwengu zinayo. Waandishi wa kwanza wa Kizungu waliandika kwamba ni mwombaji, kwa kuwa kwao anayenyosha bakuli anaomba. Kumbe bakuli lile ni la mganga, la kuwekea udongo mweupe wa kazi yake. Watumishi wengine wa dini walisema ni shetani, ichomwe. Wanunuzi wakasema ni uzuri mtupu, iwekwe chini ya taa. Ni wachache waliomwuliza mwenyewe.

Wala hawakuuliza jina la mchongaji. Kibao husema: "Waluba, mti, karne ya 19," basi. Olbrechts, mtaalamu wa Ubelgiji, alitambua kwamba sanamu kadha zenye nyuso ndefu zinafanana kama kazi ya mkono mmoja; akakosa jina, akaziita kwa kijiji cha Buli. Baadaye wengine walitaja jina, Ngongo ya Chintu, na leo muze ya Metropolitan huko New York inaliandika kando ya kiti chake, ikiongeza neno "labda". Napenda hilo "labda". Ni neno la mtu aliyeuliza.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wakatekumeni, nikachora tena ile mikono minne, nikawaambia kwamba somo lile la zamani nililisema bila kujua. Wazee walinung'unika kidogo. Yule kijana mpole akainua mkono.

"Kwa hiyo mwalimu, ni feza?"

"Ni feza," nikamjibu.

"Na mmoja ulinunua nini?"

Tulikaa juu ya swali hilo mpaka kengele ikalia.