"Mende wa Giza": Istilahi Inayopotosha

Tumeletewa tafsiri ya somo la wadudu iliyokusudiwa walimu na mabwana shamba wa Bariadi, mkoani Simiyu. Kwa jumla lugha yake ni safi, na mfasiri anastahili pongezi. Lakini ukurasa mmoja umetusumbua. Humo mdudu wa jangwa la Namib, Onymacris unguicularis, ameitwa "mende wa giza wa fungu la mchanga", na karibu kila neno hapo limepotea njia.

Tuanze na mende. Mende, au kombamwiko, ni wa ukoo mwingine kabisa. Watoto wake hutoka yaini wakifanana na wazazi, hali huyu wa Namib hupitia hatua za lava na pupa. Kiswahili kinalo neno mbawakawa, na alisikiaye husikia ndani yake mbawa na kawa, yaani kile kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula. Jina hilo laeleza umbo lenyewe: mbawa za mbele zimekuwa gamba gumu. Kwa mdudu wa jangwani lafaa hata zaidi, kwani gamba lake limeungana, haruki, na hewa iliyo chini yake humpunguzia upotevu wa maji. Kwa nini tuliache?

Pengine itasemwa kuwa haya ni mambo ya wataalamu. Sivyo. Jamii hiyo hiyo ya Tenebrionidae, yenye spishi zipatazo 20,000, inaye pia Tribolium castaneum, mdudu mwekundu wa milimita 3 hadi 4 aharibuye unga na nafaka iliyovunjika. Tafsiri yetu imemwita naye mende wa giza. Mama wa Bariadi akiambiwa kuwa unga wake una mende, atakwenda dukani kununua dawa ya mende, nayo si dawa ya kutiwa katika chakula. Hapo kosa limekwisha toka kwenye karatasi.

Giza nalo limefuata Kilatini, ambamo tenebrio ni mpenda giza. Lakini huyu wa Namib ni mdudu wa mchana. Ukungu wa Atlantiki unapoingia, hupanda kileleni, huinamisha kichwa, na matone humtiririkia hadi kinywani, kama Hamilton na Seely walivyoeleza mwaka 1976. Hatuoni sababu ya kurithi jina lisilo la kweli.

"Fungu la mchanga" litampeleka msomaji wa pwani baharini, kama Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam. Tuta je? Msukuma atapanda viazi juu yake! Tunaona "kilima cha mchanga" chatosha, na mfano hauko mbali: ng'ambo ya Serengeti, karibu na Olduvai, kiko kilima cha majivu meusi ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, chenye umbo la mwezi mwandamo, ambacho upepo hukisogeza mwaka hadi mwaka.

Mwenzetu mmoja alipendekeza "mbawakawa mchanga" kwa ufupi. Huyo atakuwa mbawakawa mtoto. Mwingine alitaja luseni, neno la Kisukuma la udongo wa kichanga. Kanuni ya kutazama lugha za Kibantu kabla ya kukopa mbali ni njema, nayo ndiyo iliyotupatia ngeli kutoka Kihaya. Lakini luseni ni udongo wa kulimwa. Tungependa neno hilo liingie katika vitabu vya kilimo, si jangwani.

Basi tunapendekeza "mbawakawa wa vilima vya mchanga" kwa Onymacris, "mbawakawa wa unga" kwa Tribolium, na "tenebrioni" kwa jamii nzima. La pili tunalitoa kwa tahadhari. Dumuzi alipotambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima hawakusubiri kamati. Wengine walimwita Scania. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, mfasiri awaulize wasagishaji na akina mama wa Bariadi wanamwitaje mdudu yule mwekundu. Wakiwa na jina, letu tutaliondoa.