Ufundi wa Kusema na Asiyelazimika Kusikiliza

Mhubiri akiwa madhabahuni ana msaada mwingi. Kwaya imeshamtengenezea njia, waumini wamekaa na Biblia mapajani, na hata akichapia, hakosi mama mmoja wa kumwitikia "Amina" kwa huruma. Mtihani wake uko nje, kwa mtu anayesubiri gari stendi, mwenye mambo yake kichwani, asiyedaiwa chochote na kanisa. Mtu huyo hazijui tenzi, hana sababu ya kukiheshimu kitabu kile, na akichoka ataondoka bila kuaga. Kuzungumza naye habari za imani akasikiliza na kuelewa, asijione amedharauliwa wala kutegwa, ni ufundi mkubwa. Nausifu hapa, maana wenye ufundi huo ni wachache kuliko wenye vipaza sauti.

Kwenye mabasi ya mikoani, gari likishatoka stendi, mara nyingi husimama mtu katikati ya viti akasalimu: "Bwana Yesu asifiwe!" Nusu ya gari huitikia. Nusu ya pili, yaani mama mwenye baibui pale dirishani, kijana aliyeziba masikio kwa muziki wake, mzee aliyejifunika gazeti, hukaa kimya. Kuanzia hapo mhubiri huzungumza na walioitikia. Huwaambia habari za upako, za kufunguliwa vifungo, za kuvunja madhabahu za ukoo, na wao humwelewa kwa sababu walishaelewa kabla hajapanda. Mwisho huombea dereva na matairi, hupitisha bahasha, na kushuka kituo kinachofuata. Yule mama wa dirishani hajamkataa mhubiri, lakini hajamsikia pia. Alikuwa kwenye gari linalokimbia, hana pa kushukia. Penye mlango uliofungwa, kimya cha mtu hakihesabiki kuwa ni ndiyo.

Upo upotovu mwingine, wa kelele za pande mbili. Wanaoikumbuka mihadhara ya dini ya miaka ya 1980 na 1990 kwenye viwanja vya Dar es Salaam wanajua ilivyokuwa: Mkristo ana Kurani mkononi, Mwislamu ana Biblia, kila mmoja anatafuta aya ya kummaliza mwenzake, na umati unashangilia kama uko kwenye mechi ya Simba na Yanga. Wapo waliojua vitabu vyote viwili kwa sura na mstari. Lakini anayeshindwa hadharani, mbele ya watoto wake na majirani zake, haendi nyumbani kutafakari. Anakwenda kutafuta hoja ya kurudi nayo wiki ijayo.

Mfano wa kale wa ufundi huu umo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17. Paulo anafika Athene, na kabla ya kufungua mdomo mbele ya baraza la Areopago anauzunguka mji akiangalia wanachoabudu. Anapopewa nafasi, anaanzia kwenye madhabahu yao wenyewe, ile waliyomjengea mungu wasiyemjua, na badala ya kuwarundikia manabii wa Kiyahudi wasiowafahamu, anawatajia washairi wao. Watu huisifu sana hotuba ile. Mimi napenda zaidi namna mwandishi alivyomaliza habari yake. Anasema wazi kwamba wengine walicheka, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, na wachache wakaamini, miongoni mwao Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Mwandishi hakuona haya kuandika kwamba msemaji hodari alichekwa. Na Paulo, baada ya kuchekwa, hakuwafokea wala kuwatishia moto. Aliondoka.

Kwetu pwani, Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alifika Unguja mwaka 1864. Wengi humkumbuka kwa kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mimi namkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1870, alimokusanya hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja: kisa cha punda wa dobi, hadithi ndefu ya Sultani Darai, na nyinginezo. Mhubiri aliyevuka bahari akiwa na jambo la kusema alikaa kwanza kusimuliwa. Alijifunza jinsi mtu wa Unguja anavyoanza habari, anavyomchelewesha msikilizaji, na anapoweka kicheko. Hata hivyo, wafuasi wa mwanzo wa misheni ile walikuwa zaidi watumwa waliokombolewa, waliopata kwenye misheni hiyo chakula, nguo na mahali pa kulala. Mtu anayekula kwako atakujibuje "hapana"?

Swali hilo ndilo lililomsumbua Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alipokuwa Loliondo miaka ya 1960. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, na Wamasai walizitumia bila ugomvi. Walipeleka watoto, walileta wagonjwa, walimkaribisha padri maziwa. Lakini alipotazama, hakuona Mmasai mtu mzima wa eneo lile aliyekuwa akiishi Ukristo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kuomba ruhusa ya jambo moja tu: aende kwenye maboma akaseme habari za Mungu, bila kuahidi shule, bila dawa, bila zawadi yoyote. Wasomaji wa kitabu chake cha mwaka 1978 wanajua mzee mmoja wa Kimasai, Ndangoya, alivyomshangaa. Kama hilo ndilo lililokuleta, alimuuliza, mbona umekaa muda wote huo hujatuambia?

Si kwamba shule na hospitali ni kosa. Mgonjwa apewe dawa kwa sababu anaumwa, na hilo linatosha. Kosa ni kuifanya dawa kuwa chambo, na Donovan aliondoa chambo ili aone kama habari yenyewe ina mvuto. Alipita boma kwa boma asubuhi, kabla watu hawajatoka na ng'ombe, akauliza wao wanasemaje juu ya Mungu, kisha akasema la kwake. Siku moja walimgeuzia swali: je, kabila lenu ninyi mmempata Mungu huyo? Jibu la haraka lilikuwepo. Yeye alikiri kwamba hapana, na akawaalika watafute pamoja.

Ikaja pia siku jamii moja, baada ya kumsikiliza kwa muda mrefu, ilimwambia kwa adabu kwamba imeelewa na haitaki. Iliuma. Lakini hakurudi na hila nyingine. Alikubali kwamba habari njema isiyoweza kukataliwa si habari njema tena, ni amri, akaelekea kwa wengine. Na kwa waliokubali, haki ya kukataa iliendelea. Misa ilitanguliwa na fungu la majani mabichi, alama ya amani kwa Wamasai, likipita mkono kwa mkono bomani. Likigomewa njiani, hapakuwa na misa.

Ulipofika wakati wa ubatizo kwa kina Ndangoya, Donovan alianza kuwachambua: huyu hakuhudhuria, yule hakuelewa, wale wasubiri. Mzee akamkatiza. Ni kweli, alisema, wapo wavivu, lakini wamesaidiwa na wenye bidii, na wenye imani ndogo wamebebwa na wenye imani kubwa. Basi kwa nini unatugawa? Donovan aliona kwamba mzee ana haki, akawabatiza wote walioomba.

Padri aliyejizoeza kukataliwa alikuwa sasa anasahihishwa, tena na mtu aliyeishika habari ile kiasi cha kuitetea mbele ya aliyeileta. Makanisa yetu hupenda kutangaza idadi ya mikono iliyoinuliwa uwanjani baada ya mahubiri. Mkono huinuliwa kwa sababu nyingi, zikiwemo muziki na aibu ya kubaki peke yako. Kwangu, fundi ni yule ambaye wasikilizaji wake wanaweza kubishana naye kwa maneno aliyowafundisha mwenyewe, na akishindwa, akafuata wanalosema.