Mitokondria: Upungufu wa Jina "Kiwanda cha Nishati"

Imekuwa desturi, mitokondria inapotajwa darasani au katika tafsiri, kuiita "kiwanda cha nishati" cha seli. Sifa hiyo ilienezwa na Philip Siekevitz mwaka 1957, alipoifananisha na mtambo wa kuzalisha nguvu. Kama istiara, haina kosa. Inapogeuzwa istilahi, hupotosha. Kwani kiwanda hujengwa kikasimama, ilhali mitokondria hubadili umbo lake daima.

Carl Benda, aliyeipa jina mwaka 1898, alikuwa mwangalifu zaidi. Alichukua maneno mawili ya Kigiriki, uzi na punje, kwa kuwa huonekana mara kama nyuzi, mara kama chembe. Kazi ya kuliunda umbo hilo ni ya protini. Mitofusini huunganisha tando za nje za mitokondria mbili. OPA1 huunganisha tando za ndani, na tena huishikilia mikunjo yake isifumuke. DRP1 hujizungusha kama kitanzi na kuikaba mitokondria hadi ikatike.

Hapa ndipo uteuzi wa maneno unapogusa uhai wa watu. Mwaka 2000 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni ya OPA1 husababisha ugonjwa wa kurithi wa kunyauka kwa neva ya jicho, ambao aghalabu hupunguza uwezo wa kuona tangu utotoni. Mwaka 2004 hitilafu za jeni ya mitofusini ya pili zilihusishwa na ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth, aina ya 2A, unaodhoofisha miguu na mikono. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba "kiwanda kimeharibika", atadhani kilichopungua ni nishati peke yake. Hataelewa kwamba chanzo ni protini iundayo umbo.

Upungufu wa pili u katika neno "mgawanyiko". Likitumika kwa seli na kwa mitokondria pia, mwanafunzi atachanganya mambo mawili yenye taratibu tofauti. Kwa maoni yetu, "mgawanyiko" libakie la seli. Kwa mitokondria yafaa "muungano" na "mkatiko", maneno mawili yanayokabiliana kama matendo yenyewe yanavyokabiliana.

Pengine itasemwa kuwa "mkatiko" lanuka uharibifu. Hoja hiyo haina nguvu. Mkulima apogoapo mti hauui; na seli nayo huitenga kwa mkatiko sehemu iliyochakaa, ili isagwe. Madhara huja pale mizani inapoelemea upande mmoja, mkatiko ukazidi muungano au muungano ukazidi mkatiko.

Basi "kiwanda cha nishati" na kibaki mfano wa kumfungulia mtoto somo. Katika vitabu vya sekondari, na katika maelezo wapewayo wagonjwa, hapana budi tuandike mitokondria, muungano, mkatiko na mikunjo ya ndani, ili msomaji aijue kazi pamoja na umbo linaloiwezesha.