Daraja Lililoachwa Nje: Ukweli wa Kihistoria na Ubunilizi katika Filamu za Zama za Kati

Utangulizi

Suala la uhusiano baina ya ukweli wa kihistoria na ubunilizi si geni katika uhakiki wa fasihi. Aristotle alikwisha kulitenga jukumu la mwanahistoria, ambaye husimulia yaliyotukia, na lile la mshairi, ambaye husimulia yanayoweza kutukia. Baadhi ya wahakiki wa filamu wameutumia utengano huu kama ngao: pindi mwanahistoria anapolalamika kwamba filamu fulani imepotosha tarehe au mavazi, hujibiwa kuwa filamu ni sanaa wala si kumbukumbu za mahakama. Kwa upande wa pili, wapo wanaoipokea filamu ya kihistoria kama mwalimu anayesahihisha insha. Huhesabu makosa, wakatoa alama, wakaishia hapo.

Makala haya yanadai kwamba kambi zote mbili zinaliepa swali la msingi. Swali hilo si iwapo filamu imeibadilisha historia, kwani hakuna filamu isiyofanya hivyo. Swali ni badiliko hilo linawanyang'anya nini watu wa kale, na ni nini kinachowekwa mahali pake. Ili kulithibitisha dai hili, filamu tatu zitachunguzwa: Braveheart (1995) ya Mel Gibson kuhusu Uskoti ya mwishoni mwa karne ya 13; El Naser Salah Ad-Din (1963) ya Youssef Chahine kuhusu Vita vya Msalaba; na Andrei Rublev (1966) ya Andrei Tarkovsky kuhusu mchoraji mtawa wa Urusi ya karne ya 15.

Utendi na Kamera

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kushangazwa na msanii anayeipanua historia. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Kihistoria, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirejea bila ya kupambana na jeshi la Rumi. Hata hivyo, itakuwa ni kuukosea utendi huo kuuita uwongo. Mizani, vina na dua ya ufunguzi humtanabahisha msikilizaji kwamba amekwisha kuingia katika ulimwengu wa utendi, ambamo ukubwa wa vita ni kipimo cha ukubwa wa imani. Ubunilizi hapa unajitambulisha wenyewe.

Filamu haina desturi ya kujitambulisha namna hiyo. Kamera hunasa kilicho mbele yake: tope ni tope, farasi ni farasi, na jasho la mwigizaji ni jasho kweli. Maandishi yanayotaja mahali na mwaka yanapoongezwa kwenye picha, hata tukio lililobuniwa huja mbele ya mtazamaji likiwa limevaa sura ya ushahidi. Ndiyo maana hoja kwamba filamu ni utendi wa siku hizi ina ukweli lakini haitoshi. Utendi na filamu vyaweza kubuni jambo lile lile, ila haviingii na msikilizaji au mtazamaji katika mapatano yale yale.

Braveheart inadhihirisha jambo hili waziwazi. Chanzo chake kikuu ni utenzi wa Blind Harry, mshairi wa Kiskoti aliyetunga katika miaka ya 1470, yapata miaka 170 baada ya William Wallace kuuawa. Filamu imeurithi ukarimu wa utenzi huo katika kubuni, lakini haikurithi ishara zake. Badala yake, inafunguliwa na sauti ya msimulizi anayeonya kwamba wanahistoria wa Uingereza watamwita mwongo. Kauli hiyo inamfunga mtazamaji mapema: yeyote atakayeuliza juu ya usahihi atakuwa amejiunga na adui. Kinaya ni kwamba filamu inatumia jina la historia huku ikikataa kuulizwa na historia.

Vita vya Stirling bila Daraja

Tarehe 11 Septemba 1297, jeshi la Waskoti lililoongozwa na Wallace pamoja na Andrew Moray lililishinda jeshi la Uingereza kwenye daraja la Stirling. Mto Forth ulivukwa kwa daraja jembamba la mbao. Waskoti walingoja hadi sehemu ya jeshi la adui ilipokwisha kuvuka, kisha wakashuka na kuikata. Waliovuka hawakuweza kurudi, na waliobaki ng'ambo hawakuweza kuwasaidia. Hugh de Cressingham, mweka hazina wa utawala wa Kiingereza huko Uskoti, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Moray naye alijeruhiwa, akafariki baadaye.

Katika filamu, vita hivi vinapiganwa kwenye uwanda mtupu. Daraja halipo, mto haupo, na Moray hayupo. Wapo wanaoliona kosa hili kuwa la mandhari tu. Hata hivyo, kulitoa daraja ni kutoa sababu ya ushindi. Kilichowapa Waskoti nguvu mbele ya askari farasi wenye deraya kilikuwa subira, ujuzi wa ardhi yao, na makubaliano ya viongozi wawili juu ya wakati wa kushambulia. Haisemwi hapa kwamba filamu haina mbinu zozote za kivita; mikuki mirefu inayowasimamisha farasi ni mbinu, na Waskoti waliitumia kweli huko Falkirk mwaka 1298. Lakini katika filamu mbinu hiyo ni wazo la shujaa mmoja, na nguvu inayoisukuma ni hotuba yake. Akili ya jumuiya imegeuzwa kuwa hasira ya mtu binafsi.

Mkondo huo huo unaonekana katika usawiri wa Wallace mwenyewe. Mwezi mmoja baada ya ushindi, Wallace na Moray walituma barua kwa wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg kuwaarifu kwamba bandari za Uskoti zimefunguka tena kwa biashara. Barua hiyo inamwonyesha kiongozi anayefikiria jinsi nchi itakavyoishi baada ya vita. Wallace wa filamu hana haja ya bandari. Anapigana kwa sababu mkewe ameuawa, na kisa chote kinajengwa juu ya haki ya bwana wa Kiingereza ya kulala na bibi harusi usiku wa kwanza, haki ambayo hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuwa sheria nchini humo. Suala la kisiasa limebanwa likawa kisasi cha nyumbani.

Kisa cha Isabella ndicho kinachofichua udhaifu wa itikadi ya filamu hii. Wallace aliuawa London tarehe 23 Agosti 1305. Isabella wa Ufaransa, aliyekuwa mtoto wa miaka kama kumi wakati huo, aliolewa na Edward wa Pili mwaka 1308, baada ya Edward wa Kwanza kufariki mwaka 1307. Mwanawe, Edward wa Tatu, alizaliwa mwaka 1312. Katika filamu, Isabella anachukua mimba ya Wallace na kumnong'oneza mfalme anayekufa kwamba ukoo wake umekwisha. Ni kweli kwamba utenzi wa Blind Harry nao una malkia anayemwendea Wallace, kwa hiyo mbegu ya kisa hiki ni ya kale. Lakini yafaa kutazama kinachotokea ndani ya msuko. Filamu inaanza kwa kulaani mabwana wa Kiingereza wanaotaka kuibadili damu ya Waskoti kupitia matumbo ya wanawake. Inamalizia kwa kushangilia shujaa wa Kiskoti anayeibadili damu ya wafalme wa Uingereza kwa njia ile ile. Uhuru, ambao ndio neno la mwisho la Wallace, umerudishwa katika mantiki ya ukoo ambayo filamu ilidai kuipinga. Mhakiki anayesema tu kwamba tarehe hazilingani ameliona kosa, ila hajaona kile ambacho kosa hilo limekifanya.

Salahuddin na Isa Mzamiaji

Filamu ya Chahine nayo imejaa mabadiliko. Ilitengenezwa Misri katika enzi ya Gamal Abdel Nasser, miaka michache baada ya muungano wa Misri na Siria kuvunjika mwaka 1961, na lakabu iliyomo katika jina la filamu inamkumbusha mtazamaji jina la rais huyo. Naguib Mahfouz ni miongoni mwa walioshiriki kuiandika. Salahuddin wa filamu ni kiongozi wa Waarabu anayeunganisha mataifa yao dhidi ya wavamizi. Anakutana na Richard wa Uingereza ana kwa ana, ilhali kihistoria wawili hao hawakuwahi kukutana.

Badiliko linalostahili kuchunguzwa zaidi ni la Isa al-Awwam. Kwa mujibu wa Baha al-Din ibn Shaddad, aliyekuwa mtumishi wa Salahuddin, Isa alikuwa Mwislamu aliyeogelea usiku kupenya kati ya merikebu za adui, akiwapelekea fedha na barua watu waliozingirwa mjini Acre, hadi alipokufa maji katika kazi hiyo. Chahine anamfanya Isa kuwa Mkristo Mwarabu na kamanda wa Salahuddin. Kwa kipimo cha mtu mmoja, huo ni upotoshaji. Kwa kipimo cha jamii, ubunilizi huo unarudisha jambo ambalo masimulizi mengi ya Vita vya Msalaba huliacha nje: kwamba katika ardhi iliyogombaniwa waliishi Wakristo wenyeji, na kwamba vita hivyo haviwezi kuelezwa kama mapambano ya dini mbili tu. Chahine mwenyewe alizaliwa Alexandria katika familia ya Kikristo. Badiliko lake limeongeza watu katika historia badala ya kuwapunguza.

Hata hivyo, filamu hiyo hiyo inapunguza kwa mkono mwingine. Salahuddin alikuwa Mkurdi, mzaliwa wa Tikrit. Kwa kumsawiri kama ishara ya Uarabu, filamu inafuta wingi wa makabila uliokuwemo ndani ya jeshi lake na hata ndani ya nasaba yake. Matokeo ni kwamba kazi inayohubiri kuishi pamoja kwa walio tofauti imemficha aliye tofauti zaidi, naye ndiye shujaa mkuu. Kipimo kinachotumika katika makala haya kinaruhusu hukumu hizi mbili zisimame pamoja. Mhakiki halazimiki kuikubali filamu nzima au kuikataa nzima; analazimika kulifuata kila badiliko hadi mwisho wake.

Rublev na Kimya cha Kumbukumbu

Kwa Tarkovsky, tatizo ni la namna nyingine. Yaliyoandikwa kuhusu Andrei Rublev ni machache mno: kwamba mwaka 1405 alifanya kazi mjini Moscow pamoja na Theophanes Mgiriki, na mwaka 1408 huko Vladimir pamoja na Daniil; kwamba alikuwa mtawa; na kwamba baadhi ya picha zake takatifu zimesalia. Kiapo chake cha kunyamaza, mtu anayemuua katika shambulio la Watatari, na kijana Boriska anayesubu kengele, yote ni ya kubuniwa.

Tofauti ni kwamba ubunilizi huu haugongani na ushahidi uliopo. Unakaa pale ambapo kumbukumbu zimenyamaza. Sehemu ya kengele inatosha kuwa mfano. Boriska anadai kwamba babake alimrithisha siri ya kusubu kengele kabla ya kufa. Filamu inatumia muda mrefu kuonyesha kazi yenyewe: kutafuta udongo unaofaa, kuchimba shimo, kujenga kalibu, kuyeyusha shaba, na hofu ya watumishi wa mfalme atakayewakata vichwa kengele isipolia. Kengele inapolia, kijana anakiri huku akilia kwamba babake hakumwachia siri yoyote. Hakuna Boriska katika historia, lakini wasubu kengele walikuwepo, na majina yao mengi hayakuandikwa. Filamu inawapa ujuzi, hofu na jasho. Wakati Braveheart inawapokonya Waskoti mbinu ambayo kumbukumbu zinaithibitisha, Andrei Rublev inawapa mafundi hadhi ambayo kumbukumbu hazikujali kuiandika. Aidha, filamu inapomalizika kwa picha halisi za Rublev zikiwa na rangi, baada ya masimulizi marefu ya rangi nyeusi na nyeupe, mtazamaji anaonyeshwa mpaka baina ya kilichobuniwa na kilichosalia. Hiyo ni ishara ya aina ile ambayo utendi huwa nayo.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kuhesabu makosa hakutoshi, na kwamba kujificha nyuma ya uhuru wa msanii hakutoshi vilevile. Filamu ya Zama za Kati yafaa kuulizwa mambo matatu: iwapo badiliko linapinga ushahidi au linajaza kimya, iwapo linawaongezea watu wa kale akili, wingi na sababu za vitendo vyao au linawapunguzia, na iwapo kazi yenyewe inamwachia mtazamaji nafasi ya kuutambua ubunilizi.

Maswali haya si ya darasani pekee. Tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili baada ya vita vya Stirling, Waskoti walipiga kura ya maoni kuhusu kuwa na bunge lao. Chama cha SNP kilikuwa kimekwisha kuitumia Braveheart katika kampeni zake tangu mwaka ilipotoka. Haiwezi kudaiwa kwamba filamu ndiyo iliyoamua kura hiyo. Linaloweza kusemwa ni kwamba watu wanaojiamulia mustakabali huchukua mifano yao kutoka kwa wakati uliopita kama walivyoonyeshwa. Aliyeonyeshwa uwanda mtupu na hotuba atajifunza kuwa uhuru huletwa na ghadhabu ya shujaa mmoja. Aliyeonyeshwa daraja atajifunza kungoja, kuijua ardhi yake, na kumsikiliza kiongozi mwenzake aliye ubavuni.