Kulakula si Kulala

Mswahili atakuambia jirani yake anapenda kuchekacheka. Hatakuambia kuchekakucheka. Ku- hutajwa mara moja, kisha shina ndilo linalorudiwa. Lakini mtoto asiyeacha kudokoa vya jikoni tunasema anapenda kulakula, na hapo ku- imerudi pamoja na shina. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo. Tungeishika kanuni ya kwanza bila kulegea tungepata kulala, na mtoto tungemtafuta kitandani.

Kazi ya mwanaisimu huanzia kwenye jambo kama hili, ambalo kila mzungumzaji analijua na karibu hakuna anayejua kwamba analijua. Ni kazi isiyo na vifaa vya kutambia: daftari, kinasa sauti, na bibi au babu mwenye subira ya kuulizwa mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuuliza. Wanaoidharau husema ni kazi ya kuyapachika maneno majina: hii nomino, hiki kitenzi, kile kivumishi. Siwalaumu, kwa sababu ndivyo sarufi inavyofundishwa katika shule zetu nyingi, kama orodha ya kukariri kabla ya mtihani. Ukitaka kuiona sarufi ikifanya kazi, njoo Nyanda za Juu Kusini.

Anza na Iringa. Kwa Kihehe, kuhaata ni kuchacha, na katika nchi ya pombe ya ulanzi kitenzi hicho hakikosi shughuli. Kikirudiwa huwa kuhaatahaata, yaani kuanza kuchacha. Mpaka hapo hakuna ajabu, ni kuchekacheka yetu. Sasa chukua kwiita, kumimina. Ukitaka kusema kumimina kidogokidogo huondoi kw- ya mwanzo na kurudia kilichobaki, unasema kwiitakwiita. Kiambishi kimeingia ndani ya marudio.

Mwaka 1985 David na Mary Odden waliandika makala fupi kuhusu jambo hilo katika jarida la Linguistic Inquiry la Marekani. Hoja yao inafuatika hata na asiye mtaalamu. Ku- inapokutana na shina linaloanza na irabu, u hugeuka w na sauti hizo zikawa silabi moja. Urudiaji unapofika unakuta ndoa imeshafungwa, na hauwezi kulichukua shina peke yake. Kwenye kuhaata ku- ni silabi inayojitegemea, kwa hiyo inaachwa nyuma. Kuna kinachotangulia na kinachofuata. Hayo ndiyo waliyotaka kuyaonyesha: kwamba kanuni za lugha kichwani mwa mtu zina mpangilio.

Kwa msomaji wa Mafinga au Kalenga hilo laweza kuonekana jambo dogo. Lakini tangu Noam Chomsky alipotoa kitabu chake cha 1957, wanasarufi zalishi walikuwa wakiulizana kama sarufi ni mlolongo wa hatua, moja baada ya nyingine. Katika miaka ya 1990 John McCarthy na Alan Prince, katika kuijenga Nadharia ya Umboupeo, waliuchukua mfano uleule wa Kihehe na kuusoma kwa jicho jingine. Kwao hakuna hatua. Maumbo yote yanayowezekana hushindanishwa kwa mpigo, na hushinda lile linalovunja masharti madogo likayatunza makubwa. Binafsi, aliyeshinda mjadala hanishughulishi sana. Kinachonifurahisha ni kitenzi cha kumimina, kinachotamkwa Iringa kila siku, kuitwa kutoa ushahidi kwenye kesi kubwa namna hiyo, na kila upande kukitaka kiwe shahidi wake.

Ukiifuata barabara kuu kupita Makambako hadi Uyole, unavuka mipaka ya lugha isiyo na kibao. Kihehe, Kibena na Kisangu ziko kwenye kundi ambalo Malcolm Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, aliliandika G60. Kisafwa, Kinyiha, Kimalila na Kinyakyusa aliziweka kwenye ukanda wa M. Kihehe kina toni, Kinyakyusa kimeipoteza. Kinyakyusa kina irabu saba, na herufi za irabu za Kiswahili ni tano. Ndiyo maana wataalamu wa shirika la SIL waliokuja Mbeya kutengeneza maandishi ya lugha za eneo hili walihitaji ɨ na ʉ zenye mstari katikati. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamekwishapita: sarufi ya Schumann ya lugha aliyoiita ya Konde, yaani Kinyakyusa, ni ya 1899, na ya Wolff kuhusu Kikinga ni ya 1905. Sarufi hizo zina mawazo ya zama zake, lakini sikio lililokuwa nyuma yake lilikuwa kazini.

Tukuyu, kwa Wanyakyusa, ndiko ningependa kukaa zaidi. Salamu ya huko, ugonile, ndani yake mna kitenzi gona, lala, na mwisho wa -ile. Bomba ni kufanya kazi, na -ile yake ni bombile. Kiambishi ni kilekile, lakini agonile ni mtu aliye usingizini sasa hivi, na abombile ni mtu aliyekwishamaliza kazi. Bastian Persohn alitoa kitabu kizima kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa mwaka 2017, na sehemu ya kazi yake ni kuvigawa vitenzi kwa tabia ya namna hiyo: vipi vinabeba hali inayoanza na kuendelea, vipi havibebi.

Usidhani ni mambo ya Tukuyu tu. -me- yetu ya Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Amelala yuko usingizini. Amelima amerudi na jembe begani. Kipimo chake unacho mdomoni: weka bado mbele yake. Bado amelala, bado amesimama, bado amekasirika, bado amelewa, zote zinapita. Bado amelima inagoma. Uzuri wa fani hii ni huo: nadharia inapimwa kwa neno moja, na anayepima ni mtu yeyote aliyeketi kwenye benchi la kituo cha daladala.

Kisha jaribu amefika. Aliyefika yupo, mfuko wake uko sebuleni, na anaweza kuondoka kesho kama aliyesimama anavyoweza kuketi. Kwa hesabu tuliyopiga, bado amefika ingepaswa kupita. Haipiti. Hata bado yupo hapa inapita, lakini bado amefika inakwama kooni, na amefika haliko upande wa amelima wala wa amelala. Lina kundi lake, na ufunguo wa kundi hilo haumo kwenye kipimo cha bado peke yake.