Aliyeinama Katikati

Katika futiboli ya Kimarekani macho ya watu humfuata anayekimbia na mpira. Mimi humtazama aliyeutoa: senta, mtu wa katikati ya mstari, ameinama, mkono juu ya mpira, na mbele yake jitu linalosubiri kumkanyaga. Anaurudisha nyuma kati ya miguu yake, na kabla hajainuka ameshapigwa kumbo. Kazi yake ikienda sawa, hakuna anayemkumbuka.

Fundi wangu wa kazi hiyo ni William Henry Lewis. Alizaliwa Virginia mwaka 1868, wazazi wake wakiwa wamepitia utumwa. Alikuwa nahodha wa chuo cha Amherst mwaka 1891, kisha akaenda Harvard kusomea sheria, na huko akacheza misimu miwili. Enzi zile kofia ngumu hazikuwapo. Timu ilipewa majaribio 3 tu ya kusogea yadi 5, na pasi ya mbele ilikuwa marufuku, basi watu walirundikana kusukumana vifua pale pale alipoinama Lewis. Mwaka 1892 Harvard waliwavamia Yale kwa kabari: wachezaji walitimua mbio kutoka nyuma, wakakutana wakiwa ncha moja kama ya mkuki. Uwanja ulishangaa. Yale wakashinda 6-0 vilevile.

Lewis hakuwa pande la mtu. Waliomzidi uzito aliwazidi wepesi na akili, na mwaka 1892, tena 1893, akatajwa katika kikosi bora cha vyuo vya Marekani nzima, mtu mweusi wa kwanza kufika hapo.

Hata hivyo, kinachonivuta zaidi ni kitabu chake cha mwaka 1896. Mchezaji hodari huridhika kusifiwa kipaji; huyu aliketi akaeleza hatua kwa hatua namna ya kupasi, kudaka, kuzuia na kumwangusha mtu, kama seremala anavyomwonyesha mwanagenzi kushika randa. Maarifa aliyoyapata kwa kukanyagwa akayagawa bila choyo. Akawafundisha Harvard kwa zaidi ya miaka 10, huku akiwa wakili.

Mwaka 1911 Rais Taft alimteua mwanasheria mkuu msaidizi wa Marekani. Alifariki mwaka 1949. Ukumbi wa mashujaa wa futiboli ya vyuo ulimwingiza mwaka 2009.