Maungio ya picha katika filamu ya "Darwin's Nightmare"

Darwin's Nightmare ni filamu ya hali halisi ya dakika 107 iliyoongozwa na Hubert Sauper wa Austria na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2004. Sehemu yake kubwa inapita Mwanza: uwanja wa ndege, viwanda vya minofu ya sangara, kambi za wavuvi, baa za usiku, na mitaa wanakolala watoto wasio na kwao. Mwaka 2004 ilipata tuzo ya Ulaya ya filamu bora ya hali halisi. Mwaka 2006 ikapata César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaipaka nchi matope na kuharibu soko la samaki, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga, wengi wao bila kuwa wameiona. Mwandishi wa habari Richard Mgamba, aliyezungumza ndani ya filamu, aliandamwa na polisi hata uraia wake ukahojiwa. Ni vigumu kutaja filamu nyingine iliyorekodiwa Tanzania ambayo imewagawa watazamaji kiasi hicho.

Ugomvi wenyewe uliegemea swali moja: je, yanayooneshwa ni kweli? Swali hilo lina haki yake, ila halifiki penye kiini. Nguvu ya filamu hii haimo sana ndani ya picha moja moja. Imo pale picha moja inapokatwa na nyingine kuanza.

Jambo hilo ni la zamani katika sanaa ya filamu. Miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917, Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji usioonesha hisia yoyote, akaiunganisha kwa zamu na sahani ya supu, kisha jeneza, na kadhalika. Watazamaji waliona njaa katika uso uleule, kisha wakaona majonzi. Maana haikutoka usoni, ilizaliwa kwenye kiungo. Tangu hapo kila mhariri wa filamu anajua kwamba picha mbili zikiwekwa sambamba husema neno la tatu ambalo hakuna aliyelitamka.

Mfano wa karibu unaweza kutengenezwa Kitangari, wilayani Newala, kwa picha tatu tu. Ya kwanza ni gunia la korosho ghafi juu ya mizani ya ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), karani akiandika kilo. Ya pili ni makontena yakipakiwa melini katika bandari ya Mtwara. Ya tatu ni mama anayepanda mteremko kuelekea uwanda wa juu, ndoo ya maji kichwani. Zote tatu ni za kweli. Korosho nyingi ya kusini huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na uwanda wa Makonde kwa miaka mingi umeteseka kwa ukosefu wa maji. Zikipangwa kwa mfuatano huo, mtazamaji wa mbali ataondoka akiamini kwamba meli ile ndiyo iliyochukua maji ya mama yule. Wakati huohuo sababu kubwa ya shida ya maji ni ardhi yenyewe: udongo wa kichanga hunyonya mvua, mito juu ya uwanda karibu haipo, na chemchemi ziko chini bondeni. Mpangilio ukigeuzwa, akaanza mama na ndoo, ikafuata mitambo ya Mitema inayosukuma maji kutoka bonde la Kitangari kwenda juu Newala na Tandahimba, na mwisho gunia la korosho, basi filamu itakuwa ya maendeleo. Hakuna picha iliyoghushiwa katika mpangilio wowote kati ya hiyo miwili.

Ikiongezwa picha ya nne, hatari inakua. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za minadani, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Lori la jeshi lililosheheni magunia, likiwekwa baada ya uso wa mkulima mwenye huzuni bila maandishi ya kueleza, litasomeka kama uporaji wa mtutu wa bunduki. Mkulima wa Kitangari angecheka, au angekasirika. Mtazamaji wa Vienna asingekuwa na njia ya kujua.

Kwa kipimo hichohicho ndipo filamu ya Sauper inapaswa kutazamwa. Wazo lake, kwa maelezo yake mwenyewe, lilianza alipokuwa akirekodi Kisangani Diary, filamu yake ya 1998 juu ya wakimbizi wa Rwanda nchini Kongo. Aliona ndege mbili kubwa kwenye uwanja mmoja: moja imeleta njegere za njano kutoka Marekani kwa ajili ya wakimbizi, nyingine inapaa kwenda Ulaya na tani 50 za samaki. Kwa hiyo kabla hajafika na kamera Mwanza, filamu ilikuwa tayari na umbo la vitu viwili vilivyosimamishwa uso kwa uso. Umbo hilo halikumwacha hadi dakika ya mwisho.

Alifanya kazi na mwenzake mmoja tu, Sandor Rieder, kwa kamera ndogo. Udogo huo ulimpa alichokosa kila mwandishi wa runinga aliyekuja na gari na taa: ukaribu. Hakuna sauti ya msimulizi. Kuna maswali mafupi ya Sauper mwenyewe kutoka nyuma ya kamera, maandishi machache kwenye skrini, na nyuso zinazojaza fremu mpaka jasho linaonekana. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya uvuvi, mwenye upinde na mishale ya sumu, anazungumza katika mwanga hafifu kabisa. Anasema mshahara wake ni kama dola moja kwa usiku, kwamba aliyemtangulia aliuawa kazini, na kwamba vita ikija watu wengi wangeifurahia kwa sababu askari hulipwa vizuri. Hapo kamera haikatwi upesi. Inasubiri, na subira hiyo ni ufundi wa hali ya juu. Hakuna mchambuzi mwenye haki anayeweza kusema mlinzi yule ametumiwa vibaya: amepewa muda wa kufikiri mbele ya watu, jambo ambalo filamu nyingi kuhusu Afrika hazimpi Mwafrika.

Filamu inafunguka kwa kivuli cha ndege kikipita juu ya maji ya Ziwa Victoria, kisha mnara wa kuongozea ndege. Ndani ya mnara, mwongoza ndege anahangaika kumuua mdudu kwenye kioo huku redio ikikoroma. Tukio hilo halina habari yoyote, na ndiyo sababu lilibaki katika uhariri wa Denise Vindevogel. Linamwambia mtazamaji namna ya kutazama: kila kitu kidogo humu ni ishara ya kitu kikubwa. Baadaye, ukutani katika ofisi ya mwenye kiwanda, samaki wa plastiki anaimba na kutikisa mkia. Mtazamaji aliyekwisha kuzoeshwa haoni tena mchezo wa kuwafurahisha wageni, anaona dhihaka ya dunia nzima. Mwenye kiwanda hakusema neno baya, ila kiungo kimekwisha kumhukumu.

Kiungo chenye nguvu kuliko vyote ni cha minofu na mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa. Kwanza unaoneshwa ukumbi wa kukatia minofu: weupe, glavu, visu, barafu. Kisha lori la mifupa na vichwa vya sangara, matope, funza, chanja za kukaushia chini ya jua, na mwanamke anayesimulia jinsi hewa ya amonia ilivyomharibia jicho. Hapa hoja inasimama kwa miguu yake. Viwanda vya miaka ya 1990 vilipandisha bei ya sangara hadi minofu ikawa nje ya uwezo wa wengi kandokando ya ziwa, na mapanki yakawa kitoweo cha maskini. Wapinzani wa filamu walisema mabaki hayo ni ya chakula cha kuku. Ni kweli kwamba sehemu yake huenda kwenye mifugo. Lakini mtu yeyote aliyepita masoko ya Mwanza miaka ile anajua kwamba mapanki yalikaangwa na kuliwa na watu. Udhaifu wa filamu hapa ni mwingine: dagaa na sato, kitoweo cha kila siku cha wakazi wengi wa kanda ya ziwa, hawana nafasi katika hoja yake. Anayeijua Mwanza kupitia filamu hii peke yake ataamini kwamba huko kuna minofu ya Wazungu na mifupa ya Waafrika, basi.

Kiungo cha njaa ni dhaifu zaidi. Habari za upungufu wa chakula katikati ya Tanzania zinaingizwa sambamba na samaki wanaopakiwa ndegeni. Ukame wa mikoa ya kati una sababu zake, na samaki wa Mwanza wasingefika huko hata kama ndege zisingekuwepo. Ni kisa kilekile cha mama wa Kitangari na meli ya Mtwara.

Dokezo kwamba ndege za samaki huleta silaha ndilo lililoiwasha Serikali, na hapo ndipo ufundi wa Sauper unapokuwa mkali na wa mashaka kwa pamoja. Ndege za Ilyushin 76 zinatua tena na tena. Kila anayekutana na kamera anaulizwa ndege zinaleta nini, na jibu linarudi kwamba huja tupu. Swali likirudiwa vya kutosha, "tupu" huanza kusikika kama neno la kuficha, ingawa ndege kuja tupu kufuata shehena ya samaki si jambo la ajabu, kwa kuwa bidhaa nyingi za Mwanza hutoka Dar es Salaam kwa reli na barabara. Anafuata mlinzi na maneno yake ya vita, anafuata Mgamba anayezungumzia biashara ya silaha, na karibu na mwisho anakuja rubani mmoja anayeeleza kwa uchungu kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi Ulaya na zabibu kutoka Johannesburg. Ushuhuda wake ni mzito na hakuna sababu ya kuutilia shaka. Lakini unahusu Angola. Filamu nzima haina picha hata moja ya bunduki ikishushwa Mwanza. Aliyetoka ukumbini akisema ameona silaha zikibadilishwa kwa samaki, ameziona kwenye maungio.

Ukitazamwa kwa jicho hilo, ugomvi wa 2006 ulikosa shabaha. Serikali ilizishambulia picha, yaani sehemu iliyo imara kuliko zote: watoto wale walikuwepo, mapanki yalikuwepo, wanawake wa baa za marubani walikuwepo. Kumbana mwandishi wa habari kuhusu uraia wake kuliwafanya watazamaji wa nje waamini zaidi kwamba kuna linalofichwa. Nchini Ufaransa, mwanahistoria François Garçon alianza vizuri. Makala yake katika jarida la Les Temps modernes ilionesha kwamba hoja ya silaha haina ushahidi ndani ya filamu. Baadaye alivuka mpaka kwa madai kwamba matukio yalipangwa na watoto kulipwa. Sauper alimshtaki, na mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani kwa kashfa mwaka 2008, hukumu iliyothibitishwa katika rufaa mwaka 2009. Wapenzi wa filamu walioshangilia hukumu hiyo kama uthibitisho wa kila kitu walikosea nao. Mahakama ililinda heshima ya mtu, haikugeuza mkato wa mhariri kuwa hati ya shehena.

Sauper hakubadili njia. We Come as Friends ya 2014, aliyoirekodi Sudan Kusini akisafiri kwa ndege ndogo aliyoiunda mwenyewe, na Epicentro ya 2020 kuhusu Cuba, zote zimejengwa kwa ukaribu uleule na maungio yaleyale.

Hukumu ya haki juu ya Darwin's Nightmare lazima iwe na sehemu mbili. Katika kuonesha nani analipa gharama ya minofu ya bei nafuu ya Ulaya, ni kazi kubwa, na Watanzania walistahili kuoneshwa filamu hiyo majumbani mwao badala ya kuambiwa waichukie. Katika suala la silaha, mwongozaji aliacha mkasi ufanye kazi ambayo ushahidi haukuifanya, na maandishi ya mstari mmoja kwenye skrini, yakisema kwamba safari ya rubani ilikuwa ya Angola na si ya Mwanza, yangetosha kulinyoosha jambo hilo bila kuipunguzia filamu chochote.